Kabla hujakopa kununua prosesa mpya, jiulize unasubiri nini

Saa nane usiku, mtaa wa Burumba hapa Busia. Video ya mazishi imefika asilimia 83. Familia inaitaka asubuhi na mapema kwa sababu binti yao yuko Qatar na hakupata ruhusa ya kuja kumzika babake. Nimekaa kando ya kompyuta, macho mekundu, nahesabu asilimia moja moja kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho. Halafu giza. Stima imepotea mtaa mzima.

Ilirudi saa kumi na moja alfajiri. Kurenda kukaanza upya kutoka sufuri, saa tano zingine. Nilifikisha video kwa familia saa tano asubuhi, nikapata walishamtumia binti yao vipande vilivyorekodiwa kwa simu ya jirani. Salio langu sikulipwa, na kusema kweli sikuwa na uso wa kulidai.

Siku hiyo hiyo niliamua: hii mashine imezeeka, nahama. Nitanunua prosesa kubwa ya viini 16, nibadilishe kila kitu ndani ya kesi, na mambo ya kukesha yaishe.

Kama nawe unafikiria kuhama, labda wewe ni mtu wa video, muziki, ramani za nyumba au gemu, kaa hapa dakika chache. Nimepitia hesabu hii nikiwa na pesa mkononi na fomu ya mkopo mezani.

Mashine niliyo nayo

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kompyuta ndiyo ofisi, ndiyo shamba, ndiyo kila kitu. Nahariri video za harusi, mazishi na wasanii wa huku, kuanzia Bumala hadi Malaba. Mwezi mzuri napata kazi nne, mbaya napata moja.

Mashine yangu ina Ryzen 5 3600, prosesa ya viini 6 iliyotoka Julai 2019. Imekaa kwenye madabodi ya B450, RAM ni GB 32 za DDR4, na kadi ya grafiki ni ya zamani, kwa hivyo prosesa ndiyo hubeba mzigo mkubwa. Soketi yake inaitwa AM4.

Niliyoitamani ni Ryzen 9 9950X. Viini 16, ilitoka Agosti 2024, na AMD waliitangaza kwa dola 649. Ukitazama grafu za majaribio unaona aibu kwa niaba ya mashine yako. Kwa hesabu yangu, video inayonichukua saa tano kurenda ingechukua kama saa moja na nusu. Hiyo ni tofauti kubwa na sitakudanganya kwamba ni ndogo.

Shida ni kwamba 9950X haiingii kwenye madabodi yangu. Inakaa kwenye soketi ya AM5, na hapo ndipo pesa huanza kutoka kwa njia ambazo hukuzitarajia.

Unanunua vitu vitano

Watu husema "nanunua prosesa". Ukibadilisha soketi, hununui prosesa peke yake. Nilipiga simu kwa muuzaji wa Nairobi, akanipa bei hivi:

Prosesa, 88,000.
Madabodi ya AM5, 32,000.
RAM GB 64 za DDR5, 36,000.
Kipoozaji cha kuhimili joto lake, 15,000.
Pawa saplai mpya, 18,000.

Jumla 189,000. RAM yangu ya DDR4 haingenisaidia chochote, maana AM5 inakubali DDR5 pekee.

Nilikuwa na akiba ya 120,000. Zilizobaki, 69,000, ningekopa kwenye chama cha mama. Mama anauza omena na nyanya sokoni, na yeye ndiye angekuwa mdhamini wangu. Unajua maana yake. Nikishindwa kulipa, wanachama hawatanitafuta mimi. Watamkuta yeye na meza yake.

Nikachelewa wiki chache nikingoja pesa ya harusi moja. Nilipopiga simu tena, ilikuwa mwisho wa 2025 na muuzaji akaanza na pole. RAM ile ile ilikuwa imefika 84,000. Hakuwa ananikanyagia. Dunia nzima bei ya RAM ilipaa miezi hiyo, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza hata kuachana na Crucial, jina lake la RAM na SSD za watu wa kawaida kama sisi.

Jumla mpya ikawa 237,000. Mkopo ukaruka hadi 117,000.

Nikamweleza mama usiku huo. Alisikiliza mpaka mwisho, viini 16, soketi, RAM, yote. Kisha akauliza swali moja: "Na hiyo mpya, stima ikipotea haizimi?"

Nilicheka. Halafu nikashindwa kulala.

Daftari la wiki mbili

Mama alikuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Ile kazi ya mazishi haikuharibiwa na prosesa. Iliharibiwa na giza. Mashine ya 237,000 ingezima sekunde ile ile.

Basi nikachukua daftari. Kwa wiki mbili, kila mara nilipojikuta nasubiri kompyuta, niliandika nasubiri nini na kwa muda gani. Nilikuwa na kazi tatu wakati huo. Matokeo ni haya.

Kurenda: saa 14. Lakini kati ya hizo, saa 11 nilikuwa nimelala au niko nje na kamera. Zilizoniuma kweli ni saa 3.

Kusubiri picha ikwamuke wakati nahariri, nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye kiti: saa 9.

Stima kupotea: mara 4. Mara moja iliniondolea kazi ya saa mbili na nusu.

Soma tena hizo namba. Prosesa mpya ingepunguza sana zile saa 14, lakini nyingi zake hazikuwa zinanigharimu chochote. Saa unayookoa ukiwa umelala haikuletei mteja. Saa unayookoa ukiwa kwenye kiti, mteja akipiga simu kila dakika kumi, hiyo ndiyo yenye pesa.

Zile saa 9 nikazichimba. Nilifungua kidirisha cha Windows kinachoonyesha matumizi ya mashine huku nikihariri. Prosesa haikuwa inafika asilimia 40. Diski ndiyo ilikuwa imegota kwenye 100. Video zote nilikuwa nimezirundika kwenye diski ya kuzunguka, ile ya zamani niliyoitoa kwenye kompyuta nyingine. Prosesa ilikuwa imekaa tu, inasubiri diski kama mimi.

Halafu kuna proksi. Hii ni kutengeneza nakala nyepesi za video, uhariri kwa hizo, kisha programu irudi kwenye video halisi wakati wa kurenda. Nilikuwa najua jambo hili tangu chuoni na sikuwahi kulifanya kwa sababu ya uvivu. Halina bei.

Ukiwa mpakani hesabu ni nyingine

Anayeishi Nairobi, madabodi ikifa anapanda matatu hadi katikati ya jiji na jioni amepata nyingine. Sisi Nairobi iko zaidi ya kilomita 400. Unaituma kwa basi, unasubiri, unapiga simu, unaambiwa bado inaangaliwa. Kwa AM4, hapa Busia fundi wangu ana madabodi mbili au tatu zilizotumika ambazo anaweza kuniazima siku ile ile. Kwa AM5 hana hata moja. Kama kazi yako ni ya kesho asubuhi, hilo ni jambo kubwa kuliko viini 16.

Najua utasema, si tuvuke Uganda? Kampala ni karibu kilomita 200 tu, nusu ya safari ya Nairobi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi Busia Februari 2018, kuvuka kwa miguu kumerahisishwa sana. Mimi mwenyewe navuka kwa chakula.

Lakini piga hesabu. Kenya na Uganda zinatumia ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2005, kwa hivyo usitarajie muujiza wa ushuru upande ule. VAT ya Uganda ni asilimia 18, yetu ni 16. Na ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya jumuiya. Mahindi, maharagwe, samaki. Prosesa haikutengenezwa Tororo.

Kuna watakaokuambia upitishe kwa njia ya panya, kitu chenyewe kinaingia mfukoni. Ukikamatwa umepoteza kitu cha 88,000. Usipokamatwa, huna risiti ya kukutetea kikiharibika. Garanti nayo inabaki kwa aliyekuuzia, kwa hivyo kila tatizo ni safari ya Kampala.

Joto pia liko. Chumba changu ni cha mabati na mchana wa Busia unaujua. Prosesa yangu kwa kawaida haivuti zaidi ya wati 88. Ile 9950X inaruhusiwa kufika wati 230. Kwa bili si balaa: ukihesabu shilingi 30 kwa uniti na saa tano kwa siku, tofauti ni kama shilingi 21. Kinachouma ni UPS. Ndogo za VA 650 tunazozipata madukani huku hubeba kama wati 360 hivi. Weka prosesa ya wati 230, ongeza kadi ya grafiki na skrini, imelia na kuzima. Yaani mashine mpya ingenilazimu kununua UPS kubwa zaidi, ambayo haikuwa kwenye ile orodha ya vitu vitano.

Soketi nayo huzeeka

Kitu kingine cha kuuliza ni soketi itaishi muda gani. AM4 imekuwa baraka kwa watu wa mfuko mdogo. Ryzen za kwanza ziliingia humo 2017, na madabodi yangu ya enzi za 2018 bado inakubali Ryzen 5000, familia iliyoanza Novemba 2020, ukishasasisha BIOS.

Intel walitumia soketi ya LGA1700 kwa vizazi vitatu, kuanzia 2021, kisha Oktoba 2024 wakahamia LGA1851. Na ukiuziwa Core i9 au i7 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, kuwa macho. Mwaka wa 2024 Intel walikiri kuwa prosesa hizo zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na baadhi zikaanza kuharibika. Walitoa marekebisho ya BIOS Agosti mwaka huo na kuongeza garanti kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Mtu akikuuzia kwa bei ya kurusha, muulize ilisasishwa lini.

Na usidhani ukinunua ghali kabisa umejikinga. Threadripper, zile prosesa za AMD za wakubwa, zilipata soketi mpya Novemba 2019. Mwezi wa pili 2020 ikatoka ya viini 64, dola 3,990. Waliozinunua walitarajia soketi ile iwatunze miaka. Ilipata kizazi kimoja tu. Threadripper 7000 zilipotoka mwishoni mwa 2023 zilihitaji madabodi nyingine.

AM5 yenyewe ni changa kiasi. Ilianza Septemba 2022, na AMD wameahidi kuitunza hadi 2027 na kuendelea. Kwa hivyo si soketi mbaya. Swali ni kama ni wakati wako.

Nani ahame, nani atulie

Nina rafiki Malaba, kilomita kama 30 kutoka hapa. Anachora nyumba za watu walio ng'ambo, zile picha zinazoonyesha nyumba kabla haijajengwa. Kompyuta yake inarenda mchana kutwa, mteja yuko kwenye simu anasema "badilisha dirisha", na hawezi kufanya kitu kingine mpaka imalize. Prosesa yake iko 100 siku nzima, diski imetulia. Huyo ahame. Kila saa anayoiokoa anaiuza mchana huo huo.

Hapo hapo Malaba kuna ofisi za mawakala wa forodha, zile zinazojaza fomu za malori kwenye mifumo ya mapato ya Kenya na Uganda. Mmoja aliniuliza kama anunue mashine ya viini vingi kwa sababu mfumo unachelewa. Hapana, bosi. Kinachochelewa hapo ni intaneti. Mashine yake iko na shida nyingine kabisa: ni Ex-UK ya Intel kizazi cha nne. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu. Huyo atafute Ex-UK ya kizazi cha nane au cha tisa, SSD na UPS, abaki na pesa.

Na kama huna mashine kabisa, unaanza kutoka sufuri na pesa ni zako, si za kukopa, AM5 ina maana. Nunua prosesa ya kati sasa, na baadaye utapandisha bila kugusa madabodi, kama sisi tulivyofanya na AM4.

Wa kutulia ni wewe unayefanana na mimi: mashine inafanya kazi, unarenda usiku, na mkopo una jina la mtu mwingine chini yake.

Nilichofanya

Nilinunua Ryzen 7 5700X iliyotumika kidogo, viini 8, kwa 24,000. Ingekuwa rahisi kutamani 5900X ya viini 12, ila inavuta hadi wati 142 na madabodi yangu ni ya bei ya chini. 5700X inavuta sawa na ile ya zamani. Nilisasisha BIOS kwanza, nikiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Usisahau hatua hii. Ukiibadilisha prosesa kwanza, mashine inaweza kukataa kuwaka na ukaanza kulaumu muuzaji.

Nikaongeza SSD ya TB 1 kwa 13,000, na UPS ya VA 1200 kwa 14,000. Jumla 51,000. RAM nilibaki nayo, na kwa bei za sasa naiona kama dhahabu. Prosesa ya zamani niliuza 6,000 kwa jamaa wa gemu hapa Marachi.

Video ya saa tano sasa inachukua saa tatu na robo hivi. Haikaribii 9950X hata kidogo. Lakini zile saa 9 za kukwama kwenye kiti zimekuwa chini ya saa 2, sehemu kubwa kwa sababu ya SSD na proksi. Stima imepotea mara kadhaa tangu hapo. UPS inalia, mimi nasimamisha kazi, nahifadhi, nazima kwa adabu.

Fomu ya chama nilimrudishia mama ikiwa tupu. Hakusema kitu, aliikunja akaiweka kwenye mkoba.

Sijasema sitahama kamwe. Nimejiwekea alama: siku daftari litaonyesha saa kumi kwa wiki ambazo prosesa iko 100, niko kwenye kiti, na kuna mteja ninayemkosa kwa sababu hiyo, nitaenda AM5 au chochote kitakachokuwepo. Kwa akiba yangu.

Kwa hivyo kabla hujapigia muuzaji, fanya haya wiki mbili. Andika unasubiri nini. Tazama kama ni prosesa, diski, RAM, kadi ya grafiki au intaneti iliyogota. Hakikisha programu yako inatumia kadi ya grafiki kama unayo. Angalia prosesa kubwa zaidi ambayo madabodi yako inaikubali. Piga bei ya vitu vyote, pamoja na UPS. Kisha mweleze mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta, ikiwezekana yule atakayekudhamini, na usikilize swali atakalouliza.